Nilisema ile episodi ya The Boys ni uongo, leo najijibu

Wasee, hii posti nimeiandika na kuifuta mara nne. Ya tano ndiyo hii, na naiweka kabla sijabadilisha nia tena.

Mnaonifuata kitambo mnakumbuka nilichoandika Julai 2024, siku mbili baada ya episodi ya mwisho ya msimu wa nne wa The Boys. Kwa wageni, nilisema hivi, sibadilishi hata neno: "Watu wazima wanashikwa mmoja mmoja kama kuku wa Krismasi na hakuna anayerusha hata ngumi ya maana. Skripti mbovu. Hakuna vile watu watachukuliwa hivyo na wengine wakiangalia tu."

Ilipendwa, bana. Ndiyo posti iliyoniletea wafuasi wengi kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuandika. Hadi leo mtu akikutana na mimi Makutano au stendi ya Embu ananiita "kuku wa Krismasi", na mimi hucheka, kwa sababu ni rahisi kucheka kuliko kueleza.

Sasa msimu wa tano, ambao ndio wa mwisho, umetangazwa kuanza 8 Aprili 2026, na inboksi imejaa watu wanaouliza kama nitaufanyia uchambuzi. Nitaufanya. Lakini kuna deni la msimu wa nne ambalo sijalipa.

Kwa ambao hawajaiona (na kama hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa, urudi baadaye): The Boys ilitoka kwa katuni za Garth Ennis na Darick Robertson zilizoanza 2006. Eric Kripke akaigeuza tamthilia, na Prime Video ikaanza kuionyesha Julai 2019. Wazo lake ni hili. Hao mashujaa wa kuruka hewani na kurusha moto kwa macho wangekuwa wafanyakazi wa kampuni, wana mameneja, wana mikataba ya matangazo, na wakiua mtu kuna ofisi nzima ya kuficha maneno. Kampuni inaitwa Vought. Mkubwa wao ni Homelander, anayechezwa na Antony Starr, jamaa aliyevaa bendera ya Marekani mgongoni, anayetabasamu kamera ikiwaka na kufanya mengine ikizimwa. Na The Boys wenyewe ni kikundi kidogo cha watu, wengi wao bila nguvu yoyote, wanaojaribu kumzuia.

Episodi ninayoisema ni ya nane, iliyotoka Alhamisi 18 Julai 2024. Ilikuwa na jina lingine, wakaliondoa dakika za mwisho kwa sababu lilikuwa na neno la mauaji ya viongozi, na siku tano kabla Trump alikuwa amepigwa risasi sikioni kule Pennsylvania. Ndani yake rais mteule anakamatwa, spika wa bunge anaapishwa, na kazi yake ya kwanza ni kutangaza sheria ya kijeshi na kuwapa watu wa Homelander mamlaka ya kukamata. Halafu wanaanza kukamata. Mother's Milk anashikwa (mnajua anashikwa na nini, siwezi kuandika, mama yangu husoma hapa). Frenchie na Kimiko wanatenganishwa, na Kimiko, ambaye kwa misimu minne hajatoa sauti, anapiga kelele ya kwanza: "No!" Hughie anabaki chini. Annie, ile nyota yenyewe, anaruka hewani na kutoroka peke yake. Homelander ameshinda. Mwisho.

Sasa niwaambie vile hiyo episodi ilipokelewa huku kwetu, kwa sababu watu wa Nairobi hudhani sisi hupata vitu mwaka ukiisha.

Kwetu ni Embu, lakini wakati huo nilikuwa nakaa Nchiru, Meru, kwa hosteli. Alhamisi jioni kuna msee mmoja mwenye akaunti ya Prime, ama ya binamu yake, sikuuliza. Tulikuwa tisa ndani ya chumba cha watu wawili, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na miraa ya kutosha kwa sababu nusu ya chumba walikuwa watu wa Igembe. Embu nako iliingia kesho yake kwa duka la muvi. Jamaa wa hapo huweka kalenda ukutani ya tamthilia zote zinazoendelea, ameandika kwa kalamu nyekundu, na Ijumaa watu hupanga laini na flashi mkononi. Shilingi kumi unatiliwa episodi, ukitaka msimu mzima mnapatana. Ukienda pale hupati tu episodi, unapewa na maoni yake bure, na hiyo siku alikuwa amekasirika. Alinipigia simu kuniambia anataka kumrudishia mteja wa kwanza pesa yake.

Ili uelewe hasira yake, lazima uelewe sheria ya steringi.

Sisi tulilelewa na hiyo sheria. Kabla ya Netflix, kabla ya simu kubwa, kulikuwa na vibanda vya video, benchi za mbao, giza, na sauti ya DJ Afro ikipita juu ya sauti ya sinema, akitafsiri, akiongeza chumvi, akiwatania waigizaji kwa Kiswahili na Sheng. Ukiingia katikati ya sinema swali lilikuwa moja tu: steringi ni nani? Ukishaonyeshwa, unatulia. Kwa sababu steringi hafi. Steringi anaweza kupigwa, kufungwa, kuchomwa, lakini dakika kumi za mwisho anaamka, anajifunga kitambaa kichwani, na wale maadui wote watalipa. Schwarzenegger katika Commando anaingia kisiwa kizima peke yake. Hakuna mtu aliwahi kuuliza kama hiyo ni kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

Kwa hivyo jamaa wa duka alikuwa na hoja: ni tamthilia gani hii ambapo masteringi wote wanaenda kama kondoo? Chumba chetu Nchiru kilisema vivyo hivyo. Kuna mmoja alisimama kabisa, akafungua mlango, akaenda nje kupumua. Mwingine akasema waandishi wamechoka. Duniani kote pia watu walilalamikia huo msimu, wengine kwa sababu hawakupenda siasa yake, lakini malalamiko yetu yalikuwa ya aina nyingine. Sisi tulitaka ngumi.

Annie ndiye aliyeangukiwa na jiwe kubwa zaidi. Karibu kila mtu alimwita mwoga. Ana nguvu, anaweza kuruka, mpenzi wake yuko chini anashikwa, na yeye anaenda zake! Nilikubaliana nao. Ni msee mmoja tu wa Tigania aliyekataa, na akakataa kwa njia ambayo hatukutarajia. Akasema, "Nyinyi mnasahau sisi tumetoka wapi." Akatukumbusha stori ya Mbwaa, ile wazee wa Meru husimulia: vile watu walikuwa watumwa wa wale wenye nguo nyekundu, vile walipewa mitihani isiyowezekana, watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, walete mbwa mwenye pembe, watengeneze mkuki wa kufika mbinguni. Na vile Koomenjwe aliwasaidia kujibu mitihani kwa akili, mmoja baada ya mwingine, ili tu kununua muda, na walipofika kwa ule wa mkuki wakajua hakuna jibu, wakaondoka usiku. Walikimbia. Maji yakagawanyika, wakavuka. "Kabila zima limetoka kwa watu waliokimbia," akasema, "na hakuna mtu huwaita waoga."

Tulimcheka. Tukamwambia aache kuleta shosho kwa mambo ya Marekani.

Hii ndiyo sehemu sijawahi kuandika. Chini ya ile posti yangu ya kuku, kulikuwa na komenti nyingi za utani, na kulikuwa na nyingine, kama kumi hivi, ambazo hazikuwa za utani. Watu walikuwa wakisema: kwani wewe huoni hii ni sisi? Kumbukeni hiyo ilikuwa wiki gani. Tarehe 25 Juni vijana walikuwa wameingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na watu wakapigwa risasi. Rais akakataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Julai 11 akafuta karibu baraza lote la mawaziri. Siku iliyofuata miili ikaanza kutolewa kwenye timbo la Kware, Nairobi. Na wiki hiyo hiyo episodi ilipotoka, polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya jiji la Nairobi, na mahakama ikasimamisha hiyo amri. Tayari kulikuwa na watu waliochukuliwa manyumbani na hawajulikani waliko.

Na mimi nilifanya nini? Nilifuta hizo komenti. Zote. Nikabandika ujumbe juu: "Huu ni ukurasa wa muvi, siasa pelekeni kwingine." Nilikuwa na wasiwasi, sitadanganya, lakini wasiwasi wangu haukuwa wa serikali. Niliogopa kupoteza wafuasi. Kuna mtu alikuwa ameniambia kampuni za matangazo hazipendi kurasa zenye kelele.

Halafu ikafika Desemba.

Nilikuwa nimeshuka nyumbani Embu kwa likizo. Jumamosi 21 Desemba 2024, kijana wa miaka 24, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa kwenye kinyozi mjini Embu, anangoja kunyolewa. Watu wakaja na gari, wakamchukua, wakaondoka. Kosa lake, kwa vile habari zilivyosema, lilikuwa picha ya kumkejeli rais aliyoiweka mtandaoni. Jina lake liliandikwa kila mahali na hamhitaji nilirudie hapa. Yeye hakuomba kuwa mtu wa kujulikana.

Mimi simjui. Lakini najua vile kinyozi hukaa Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Kumejaa. Watoto wameletwa na mama zao, kuna redio, kuna msee anasema yeye anataka tu kuchongwa ndevu, kuna mwingine ameacha nafasi yake kwenda kununua chai. Watu walikuwa pale. Na haikuwa hata usiku.

Hiyo jioni mtu mmoja, simjui, akaunti haina picha, alinitumia skrinishoti. Ilikuwa ile posti yangu ya Julai. Hakuandika kitu chochote. Alikuwa ameizungushia duara sentensi ya mwisho: "Hakuna vile watu watachukuliwa hivyo na wengine wakiangalia tu."

Nilikaa nayo hiyo simu mkononi mpaka ikazima skrini.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nikijitetea kichwani. Nikijiambia, mimi nilikuwa naongelea uandishi, si maisha. Lakini sivyo. Nilikuwa nimesema episodi ni mbovu kwa sababu haifanani na maisha, na maisha niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa ya Commando. Nilidhani mtu akija kuchukuliwa, kunakuwa na dakika moja ambayo kila mtu anaelewa kinachoendelea, na ndani ya hiyo dakika ama wewe ni shujaa ama wewe ni mwoga. Niliongea na watu waliowahi kuona mtu akichukuliwa, si huyo wa Embu, wengine. Wote walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: hiyo dakika haipo. Mtu anaitwa jina, anageuka. Unadhani ni marafiki zake. Unadhani ni deni. Unadhani ni polisi wa kawaida na labda kuna kitu amefanya. Wakati umemaliza kudhani, mlango wa gari umefungwa na nambari ya gari hukuisoma, kwa sababu nani husoma nambari za magari?

Sasa irudie ile episodi ukiwa na hilo akilini. Mother's Milk hapigani kwa sababu hana habari. Frenchie anaguswa tu na mtu anayeweza kuingia akili za watu, na tayari mwili si wake. Hakuna anayeshindwa vita, kwa sababu vita yenyewe haijaanza. Hiyo niliyoiita skripti mbovu ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika msimu mzima, na mimi, mchambuzi, mtu wa kuwaambia nyinyi kipi ni kizuri, niliiona na nikaikataa kwa sababu haikunipa ngumi.

Kuna kitu kingine kuhusu "wengine wakiangalia tu". Vijana wa Embu hawakuangalia tu. Wiki ya Krismasi, wakati miji mingine ilikuwa inanunua mchele na soda, waliingia barabarani kudai mwenzao arudishwe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nguvu za ajabu. Kwa hivyo hata pale nilipokuwa nusu sahihi, nilikuwa nimekosea.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema mwisho wa mwezi huo kwamba tangu Juni watu 82 walikuwa wamechukuliwa hivyo, na 29 bado hawajulikani waliko. Polisi walikana kuhusika. Rais, akiwa Homa Bay tarehe 27, aliahidi kwamba mambo hayo yatakomeshwa, na akawataka wazazi nao wawajibikie watoto wao. Mama yangu alisikia hiyo ya wazazi kwa redio akiwa anachambua maharagwe. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, halafu akaangalia simu yangu.

Na kama unafikiri hii ni ya watoto wa watu wadogo, angalia Justin Muturi. Huyo ni wetu, mtu wa Mbeere, kaunti hii hii. Alikuwa Spika wa Bunge la Taifa kutoka 2013 hadi 2022. Juni 2024 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Januari 2025, akiwa waziri, alisimama mbele ya kamera akasema mwanawe alichukuliwa Juni hiyo, na kwamba yeye, mshauri wa serikali wa mambo ya sheria, hakuweza kujua yuko wapi mpaka alipomfikia rais mwenyewe. Machi akafutwa kazi. Kripke angeandika hiyo, sisi tungesema amezidisha. Mwanasheria Mkuu anatafuta mtoto wake? Toa hiyo!

Lakini mimi bado ni mchambuzi, na kuna mahali naishika ile episodi koo, na safari hii nadhani niko sawa.

Hakuna mzazi ndani yake. Wanashikwa watu wanne, watano, na hatuoni hata mtu mmoja aliyebaki nyumbani akingoja. Hatuoni mtu akienda kituo cha polisi kuuliza, anaambiwa jina halipo kwa kitabu, anaenda kingine. Hatuoni sahani iliyofunikwa. Kamera inafuata waliochukuliwa na aliyewachukua, na mtazamaji analala akijua kila mtu yuko wapi na ni nani amemshika. Hiyo ni anasa ambayo familia ya Embu haikuwa nayo. Sisi mashabiki tulilia ati tutangoja karibu miaka miwili kujua kama Hughie yuko salama. Lakini tulijua msimu wa tano unakuja, ulikuwa umeshatangazwa. Kuna mama na baba waliongoja siku kumi na sita bila kuambiwa na yeyote kama kuna episodi nyingine.

Alirudi. Jumatatu 6 Januari 2025, yeye na wengine kadhaa waliachiliwa, kila mmoja mahali pake. Na hapo ndipo nikaona ushabiki unaweza kuwa mbaya kuliko nilivyodhani, wangu ukiwemo. Kabla hata jua halijazama watu walikuwa wameanza: mbona haongei? Atoe stori yote. Aseme nani alimshika. Mbona anaonekana mchovu, mbona anaonekana mzima? Yaani walitaka ile dakika kumi ya mwisho, ya kitambaa kichwani. Alikuwa amegeuzwa steringi bila kuulizwa, na sasa alikuwa anadaiwa.

Mimi nilirekodi video. Mtu wa Embu, mchambuzi wa The Boys, na jambo limetokea mjini kwangu, mnaona vile ingeenda. Nilikuwa hata nimeweka ile sauti ya Kimiko mwanzoni. Nikamwonyesha dada yangu kabla ya kuiweka. Akaitazama yote, akaniuliza, "Huyo kijana akiiona?" Sikuwa na jibu. Iko kwa laptopu bado, na itabaki huko.

Kuna jambo moja bado linanisumbua kuhusu episodi ya zamani zaidi, ya mwisho ya msimu wa tatu, 2022. Mtu katika umati anarusha kopo, linampiga mtoto wa Homelander, na Homelander anamuua palepale, mbele ya watu wote. Kimya kidogo. Halafu umati unashangilia. Tulipoiona hiyo, chumba kizima kilishangilia pia. Nakumbuka. Tulisema "huyo jamaa ni moto". Kwa miezi baadaye wasee walikuwa na uso wa Homelander kwa stetasi ya WhatsApp, lile tabasamu, na maneno ya kujisifu chini. Kripke amesema zaidi ya mara moja kwamba anashangaa kuna watu wanaomwona kama shujaa. Mimi sishangai sana. Ukilelewa na sheria ya steringi, unatafuta yule asiyeshindwa, na ukishampata hujali tena anafanya nini. Niliangalia hizo stetasi baada ya Juni 2024. Wengi walikuwa wameziondoa, kila mtu kimya kimya kivyake. Yangu niliiondoa Julai tarehe 14. Najua tarehe kwa sababu simu inakumbuka.

Na Annie. Nimefikiria sana kuhusu Annie. Nikirudi Nchiru nitamtafuta yule wa Tigania nimwambie alikuwa sahihi. Nina rafiki, sitasema wa wapi, ambaye Januari ile alibadilisha laini ya simu, akahamia kwa shangazi yake kaunti nyingine, na hajaandika kitu mtandaoni tangu hapo. Alikuwa anachora vizuri sana. Kuna watu wanamwita mwoga kwenye grupu yetu. Mimi nikiona hiyo komenti huwa naandika neno moja tu, "Mbwaa", na wale wa Meru wananyamaza.

Basi. Ile posti ya kuku sitaifuta, iko pale na hii nimeibandika juu yake. Zile komenti kumi nilizofuta siwezi kuzirudisha, nimejaribu, zimeenda. Kama moja ilikuwa yako, niandikie.

Jamaa wa duka la muvi ameshaandika msimu wa tano kwa kalenda yake, kwa ile kalamu nyekundu. Jana nilipita akaniuliza aniwekee nafasi Ijumaa ya kwanza, na nikamwambia ndiyo. Halafu nikavuka barabara kwa kinyozi wangu. Amegeuza viti, sasa vinaangalia mlango, na kioo kiko ukuta ule mwingine. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya mambo ya ile Desemba. Akasema hapana, ni mwanga tu, mchana jua lilikuwa linampiga machoni.

Komenti ziko wazi. Za siasa pia.